Kufunga Nchi ili Kufungua Mazungumzo: Je, Silaha Hii Yafaa?

Katika mikutano ya wapenda mageuzi kwenye mitaa yetu ya magharibi mwa Nairobi, tangu Kangemi hata Kawangware na Uthiru, imezuka hoja ambayo jarida hili haliwezi kuinyamazia tena. Wapo wenzetu wanaosema kwamba uchaguzi wa 2027 usikaribishwe kwa maneno matupu. Kwamba ikiwa watawala hawatayasikiliza madai ya wananchi juu ya uchaguzi wa haki, juu ya mwenendo wa polisi na juu ya mzigo wa kodi, basi nchi na ifungwe. Barabara zizibwe, maduka yateremshe milango, ofisi zisusiwe, mpaka mkubwa ajongee mezani kwa kutaka au kwa kutotaka. Wapo wengine, hasa akina mama wa makanisani, ambao huyasikiliza maneno hayo mpaka mwisho kisha wakauliza swali moja: nchi ikifungwa, ni nani atakayelala njaa wa kwanza?

Maswali yote mawili yana haki ya kujibiwa. Sisi twaona kwamba silaha ya kufunga ina kazi yake, na imewahi kuifanya katika nchi hii. Lakini kazi hiyo ni finyu kuliko wenzetu wanavyodhani, na mara nyingi imewafikisha watu mlangoni kisha ikawaacha nje wakisikiliza sauti za wengine wakizungumza ndani. Twamwomba msomaji avumilie tukimletea ushahidi, maana jambo hili limechosha kujadiliwa kwa hisia.

Tuanze na mwaka ambao kila mwanaharakati huutaja, yaani 1997. Mwezi wa Aprili mwaka huo wajumbe walikutana Limuru, wakaunda mkutano wa taifa wa kudai katiba na kamati yake tendaji, NCEC. Dai lao lilikuwa wazi: pasipo mageuzi, pasiwe na uchaguzi. Siku ya bajeti, tarehe 19 Juni, wabunge wa upinzani walizusha ghasia Bungeni Waziri wa Fedha, Musalia Mudavadi, akisoma makadirio yake katikati ya kelele. Tarehe 7 Julai polisi waliwavamia waumini ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, wakawapiga virungu na kuwafukizia moshi wa kutoa machozi mahali pa ibada, na Mchungaji Timothy Njoya akawa miongoni mwa walioumizwa vibaya. Watu waliuawa siku hiyo katika sehemu mbalimbali za nchi. Tarehe 8 Agosti ukaitwa mgomo wa nchi nzima, na sehemu kubwa ya biashara za katikati ya jiji zikafungwa.

Je, mgomo ule ulifaulu? Anayejibu kwa haraka, ama ndiyo ama la, hajayatazama mambo vizuri. Ni kweli kwamba Rais Moi, ambaye miezi michache kabla alikuwa akisema hakuna haja ya mageuzi kabla ya uchaguzi, alibadili msimamo. Mwishoni mwa Agosti wabunge wa vyama vyote waliketi pamoja katika kundi lililojulikana kama IPPG, na kufikia Novemba mambo mazito yalikuwa yamekuwa sheria. Mkutano wa hadhara haukuhitaji tena leseni, ila taarifa kwa polisi. Sheria ya uchochezi iliyowafunga wengi iliondolewa, mamlaka ya machifu yakapunguzwa, vyama vya upinzani vikapata kupendekeza makamishna 10 wa tume ya uchaguzi, na viti 12 vya wabunge wa kuteuliwa vikagawanywa kwa kadiri ya nguvu ya kila chama. Kijana wa leo anayekutana na wenzake uwanjani bila kwenda kupiga magoti ofisini kwa mkuu wa wilaya hana budi kujua kwamba uhuru huo ulilipiwa mwaka ule.

Lakini tutazame ni nani aliyeketi mezani. NCEC ndiyo iliyoufunga mji. Wabunge ndio waliotia sahihi. Wale waliopigwa virungu Julai hawakuwa na kiti Septemba, wala hawakuwa na njia ya kuyakataa yaliyoafikiwa kwa jina lao. Tarehe 29 Desemba uchaguzi ukafanyika chini ya katiba ileile iliyotiwa viraka, Moi akarudi Ikulu kwa kura zipatazo asilimia 40, upinzani ukiwa umegawanyika vipande vipande. Lile neno la pasipo mageuzi pasiwe na uchaguzi likabaki kwenye mabango. Katiba kamili ilisubiri mpaka 27 Agosti 2010, baada ya Ufungamano, baada ya Bomas, baada ya kura ya maoni ya 2005, na baada ya damu ya 2007 na 2008.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wa 1997 hupenda kulipita upesi. Tarehe 31 Julai, wiki moja kabla ya mgomo, Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mkopo wa Kenya wa zaidi ya dola milioni 200 kwa sababu ya ufisadi, na shilingi ikaanguka. Hatuwezi kupima kwa mizani ni kiasi gani cha kujongea kwa Moi kilitokana na vijana wa Nairobi na kiasi gani kilitokana na wenye mikoba. Ila twakumbuka kwamba hata Desemba 1991, kilipofutwa kifungu cha 2A na vyama vingi vikaruhusiwa, wafadhili walikuwa wamekutana Paris mwezi mmoja kabla yake na kuzuia misaada mipya. Mtawala alibanwa na mikono miwili mara zote mbili, wa ndani na wa nje. Leo mkono wa nje umelegea, na pale unapokaza hukaza upande wa kodi. Anayepanga kuurudia mwaka 1997 sharti akumbuke kwamba safari hii atavuta kamba peke yake.

Wenzetu wasomi hupenda kutuletea mfano wa Marekani, ambako kufungwa kwa serikali ni desturi kamili ya kisiasa. Kule, Bunge likikosa kupitisha matumizi, idara nyingi za serikali hufunga milango na watumishi hurudishwa nyumbani, au huendelea kufanya kazi bila mshahara. Basi na tuutazame mfano huo kwa macho mawili. Mwisho wa 1995 na mwanzo wa 1996 chama cha Republican chini ya Newt Gingrich kilikubali serikali ifungwe mara mbili, mara ya pili kwa siku 21, ili kumlazimisha Rais Clinton akubali bajeti yao. Mwaka uleule wa 1996 Clinton akachaguliwa tena. Mwaka 2013 walifunga kwa siku 16 wakitaka kuizuia sheria ya bima ya afya ya Rais Obama, sheria ikabaki. Kuanzia Desemba 2018 Rais Trump aliacha serikali ifungwe siku 35 akidai dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani. Akaifungua bila kuzipata. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya chama cha Democratic, siku 43 tangu Oktoba mosi, wakidai ruzuku ya bima ya afya iongezwe muda. Serikali ikafunguliwa na ruzuku haikuwamo katika mapatano.

Mara zote hizo, aliyeweka sharti ndiye aliyeondoka mikono mitupu. Mwenye kuombwa hana haja ya kufanya lolote ila kungoja, na kadiri anavyongoja ndivyo umma unavyomgeukia yule mwenye sharti na kumwuliza kwa nini anawatesa. Watumishi wapatao 800,000 walikosa mishahara mwaka 2019, na hilo halikumsogeza mtu. Kilichowasogeza ni siku ile waongoza ndege walipopungua kazini na viwanja vikubwa vya mashariki mwa nchi ile vikaanza kuchelewesha safari. Jioni hiyohiyo serikali ikafunguliwa. Njaa ya mfagizi ilivumilika kwa mwezi mzima. Ndege ya mwenye mali haikuweza kuchelewa hata siku moja.

Hapa kwetu sheria imejengwa kwa namna nyingine, na ni muhimu mwanaharakati aijue kabla ya kupanda jukwaani. Ibara ya 222 ya Katiba huliruhusu Bunge la Taifa, mwaka wa fedha ukianza kabla sheria ya matumizi haijatiwa sahihi, kuidhinisha kutolewa kwa fedha hadi nusu ya makadirio. Deni la taifa hulipwa moja kwa moja kutoka Hazina Kuu bila kungoja kura ya mwaka. Mshahara wa Rais na wa Naibu wake vilevile, kwa Ibara ya 151. Kwa maneno mengine, serikali kuu ya Kenya haiwezi kufungwa kwa kunyimwa bajeti, na hata ingewezekana, mpangaji wa Ikulu angelipwa mwisho wa mwezi kama kawaida. Waandishi wa Katiba waliijengea serikali kuu ghala lenye milango mingi.

Kaunti hazikujengewa ghala hilo. Kaunti hungoja mpaka Bunge la Taifa na Seneti vikubaliane juu ya mgawanyo wa mapato, na mabunge hayo yakinuniana, kaunti hukauka. Tumeyaona mara mbili. Mwaka 2019 Seneti na magavana walidai shilingi bilioni 335, Bunge la Taifa likagoma, kaunti zikaanza mwaka wa fedha bila mgawo, na ilipofika Septemba magavana wakapokea bilioni 316.5 kwa kuwa wafanyakazi wao walikuwa hawajalipwa. Mwaka uliofuata maseneta wenyewe kwa wenyewe walishindwa kuafikiana juu ya kanuni ya ugavi, kikao baada ya kikao, hata maseneta watatu, Malala wa Kakamega, Lang'at wa Bomet na Lelegwe wa Samburu, wakakamatwa siku moja ya Agosti. Baraza la Magavana likatangaza kwamba kaunti zote zitafungwa tarehe 17 Septemba 2020. Siku hiyohiyo Seneti ikaafikiana, kwa ahadi kwamba mgawo wa mwaka ujao utapanda hadi bilioni 370. Ahadi ikatimizwa.

Basi huo ni ushindi, na hatuwezi kuwanyima magavana haki yao. Lakini angalieni ushindi huo ulivyokuwa. Dai lilikuwa moja, lenye tarakimu. Mwenye kulikubali alijulikana kwa jina na kwa ofisi. Waliofunga walikuwa ndio wenye funguo za kufungua, na tarehe ilitangazwa mapema. Na juu ya hayo, watu waliobeba gharama kwa miezi ile mitatu walikuwa wauguzi waliokosa mishahara na wagonjwa waliokuta dawa hakuna. Hakuna gavana aliyekwenda zahanati ya kaunti akaambiwa arudi kesho.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo linalotuuma sisi wa Kangemi. Tazama ni milango ya nani hufungika nchi inapofungwa. Asubuhi na mapema, maelfu ya wakazi wa mtaa huu hushika njia ya Waiyaki kwa miguu au kwa matatu. Wa mjengo huelekea Westlands, wafanyakazi wa nyumbani huelekea Loresho na Lavington, na wauza mboga hurudi na magunia yao sokoni Kangemi. Wengi wao hulipwa kwa siku. Mshahara wa karani wa serikali hupita juu ya siku ya mgomo bila kuigusa; ujira wa kibarua hufa siku hiyo na haufufuki. Mwajiri wa Lavington atapika mwenyewe siku moja, atanung'unika, kisha yaishe. Mama wa Gichagi aliyekosa kazi siku mbili kwa wiki ana kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba haiahirishi kwa ajili ya katiba.

Jambo hilohilo twaliona katika migomo ya madaktari. Mgomo uliodumu siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017, ulikuwa na haki ndani yake, maana serikali ilikuwa imetia sahihi mkataba mwaka 2013 kisha ikaukana. Viongozi wa chama chao walitiwa gerezani, na bado hawakurudi nyuma. Lakini katika siku hizo 100 hospitali za watu binafsi hazikufungwa. Mheshimiwa aliyekataa kuutekeleza mkataba hakukosa tabibu. Na sisi mawakili, tusije tukajitoa katika orodha hii: siku tunaposusia mahakama kwa sababu njema, jaji hulala kwake, wakili hulala kwake, na mahabusu wa Industrial Area hulala palepale alipolala jana.

Tarehe 12 Julai 2023, siku ya maandamano ya Azimio, moshi wa kutoa machozi uliingia katika madarasa ya Shule ya Msingi ya Kihumbuini, hapa Kangemi. Watoto zaidi ya 50 walipelekwa hospitalini. Walioufyatua moshi huo ni polisi, na lawama ni ya polisi. Jarida hili halitamruhusu mtu yeyote aigeuze lawama hiyo na kuwatwika waandamanaji. Hata hivyo twauliza swali ambalo mzazi wa Kihumbuini ana haki ya kuuliza: kwa kuwa sote tulijua tabia ya polisi wetu, ni nani katika kamati za upinzani aliyefikiria kwamba siku ile ilikuwa Jumatano ya shule, na kwamba madarasa yale yako hatua chache tu kutoka barabara iliyoitwa kufungwa?

Na maandamano ya 2023 yalizaa nini? Yalianza tarehe 20 Machi, Jumatatu na Alhamisi, dai la kwanza likiwa gharama ya maisha. Julai yakaendelea baada ya Sheria ya Fedha kupandisha ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta makato ya nyumba. Yakaishia katika mazungumzo ya Bomas chini ya Kalonzo Musyoka na Kimani Ichung'wah. Ripoti yao ya Novemba ilikubaliana juu ya namna ya kuunda upya tume ya uchaguzi, na ikapendekeza ofisi ya kiongozi wa upinzani. Juu ya gharama ya maisha, dai ambalo mwananchi wa kawaida alilifia, pande mbili hizo hazikuafikiana. Mafuta yakabaki kwenye asilimia 16. Mwaka mmoja baadaye baadhi ya waliokuwa wakiita maandamano walikuwa mawaziri.

Hatusemi haya ili kuwatukana, na marehemu Raila Odinga, aliyetutoka Oktoba 2025, ana haki kubwa katika historia ya mageuzi ambayo hakuna ukurasa wetu utakaoipunguza. Twasema kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameonyesha, mwaka 2016, namna silaha hii inavyoweza kutumiwa vizuri zaidi. Mwaka ule CORD ilikwenda kila Jumatatu kwenye makao ya tume ya uchaguzi kwa dai moja: makamishna waliokuwapo waondoke. Watu waliuawa, hasa Nyanza, na hilo halisameheki. Lakini dai lilikuwa na mwisho wake, Bunge likaunda kamati chini ya Kiraitu Murungi na James Orengo, makamishna wakakubali kuondoka kwa kulipwa haki zao, na tume mpya ikaapishwa Januari 2017. Tume hiyo haikuwa ya malaika, kama Mahakama ya Juu ilivyotuambia Septemba mosi ya mwaka huo ilipobatilisha uchaguzi wa rais. Hata hivyo lililodaiwa lilipatikana.

Kisha wakaja vijana wa Juni 2024, ambao hawakuwa na kamati wala mwenyekiti, nao wakafanya lile ambalo vyama havikuwa vimefanya. Mswada wa Fedha uliokusudia kukusanya shilingi bilioni 346 ulikataliwa na Rais tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa. Neno lao lilikuwa moja tu, mswada ukataliwe, na mtu wa kuutia sahihi au kuukataa alikuwa mmoja tu. Kwa hilo walifaulu bila mazungumzo. Lakini kwa kuwa hapakuwa na mazungumzo, hapakuwa pia na mapatano yanayomfunga mtu, na Desemba ya mwaka uleule baadhi ya kodi zilirudi kwa mlango wa sheria nyingine. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo vipatavyo 60 katika maandamano ya mwaka ule. Tukiandika hesabu hizo mbili katika daftari moja, kalamu hutetemeka.

Wala tusidhani kwamba wananchi peke yao ndio wafungao. Januari 1993 Moi alilifungua Bunge la kwanza la vyama vingi, na kesho yake akaliahirisha, wabunge wa upinzani wakarudi makwao kabla ya kuuliza swali hata moja. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya kukumbuka miaka 35 ya Saba Saba, ni serikali iliyoufunga mji wa Nairobi. Polisi waliziba barabara zote kuu za kuingia katikati ya jiji, Waiyaki ikiwamo. Watu walizuiliwa njiani tangu alfajiri, na hapa Kangemi risasi zikalia na watu wakafa. Kwa mojawapo ya hesabu za awali za Tume, vifo 31 vilitokea nchini siku hiyo. Fikirini maana yake: siku ambayo wanaharakati wangetaka mji ufungwe ili mtawala aumie, mtawala aliufunga mwenyewe, na hakuumia. Aliweza kuvumilia maduka yaliyofungwa kuliko kuvumilia watu waliokusanyika. Silaha ambayo adui aichukua mkononi mwako na kuitumia kwa starehe yafaa ichunguzwe upya.

Waumini watakumbuka habari za nabii Eliya, aliyeifunga mbingu isinyeshe mvua katika siku za mfalme Ahabu. Ulikuwa mgomo mkubwa kupita wote, na sababu yake ilikuwa ya haki. Lakini Biblia haifichi mambo yalivyokwenda. Mfalme alikuwa akizunguka kutafuta majani ya farasi wake, ilhali mjane wa Sarepta alikuwa akiokota kuni za kupika unga wa mwisho. Twaliona jambo moja katika kisa hicho ambalo mahubiri mengi hulipita: nabii aliyetangaza ukame alitumwa kuishi katika nyumba ya mjane, akala katika pipa lake, na pipa halikuisha. Hakuungoja ukame uishe akiwa mahali penye maji. Viongozi wetu walioita siku za kufunga nchi, wangapi walilala Kangemi usiku ule?

Kwa hiyo, kwa ndugu zetu wanaotaka kufunga, ushauri wetu ni huu. Msianze na tarehe; anzeni na dai, nalo liwe la aina ambayo mtu mmoja au ofisi moja yaweza kulikubali kwa sahihi moja. Gharama ya maisha si dai la namna hiyo, hata ikiwa ndiyo inayotuuma zaidi. Kiwango fulani cha ushuru fulani ni dai. Polisi waache kuua ni kilio cha haki, lakini kushtakiwa kwa maafisa ambao Mamlaka ya Kusimamia Polisi imekwisha kuwasilisha majalada yao ni dai. Chagueni mlango unaomwumiza mwenye ufunguo. Sherehe za serikali zikisusiwa na viti vikabaki vitupu, harambee za wanasiasa makanisani zikikataliwa, fedha zao zikirudishwa mbele ya kamera, kibarua hakosi ujira hata wa saa moja, na mheshimiwa hukosa kitu asichoweza kukinunua. Hili la harambee liko mikononi mwa makanisa tangu leo, bila kibali cha mtu, na twashangaa kwamba baadhi ya mimbari zinazounga mkono mgomo wa mjini hazijaweza kukataa bahasha ya Jumapili.

Na ikiwa baada ya hayo yote itabidi mji ufungwe, basi siku iwe na mwisho uliotangazwa. Isiwe siku ya mtihani. Hospitali na gari za wagonjwa zisiguswe, na wenye vibanda waulizwe kabla ya kutangaziwa. Watakaotuwakilisha mezani wachaguliwe hadharani kabla ya mtu kutoka nyumbani, wawe wametoka miongoni mwa watakaoandamana, na wapewe maagizo ya maandishi juu ya wanayoweza kukubali na wasiyoweza, ili yasitupate tena yale ya Septemba 1997. Twajua kwamba wapo watakaosema masharti haya yanachosha, na kwamba hasira ya umma haingoji kamati. Huenda. Lakini hasira ambayo haikungoja kamati ndiyo iliyokwisha kufaidiwa na watu wengine mara tatu katika maisha ya chama kimoja cha siasa.

Kamati za mitaa zitakapoketi, twaomba mambo mawili yatangulie katika ajenda kabla ya tarehe yoyote kutajwa. La kwanza ni mfuko wa unga na kodi ya nyumba kwa wanaolipwa kwa siku, utakaotunzwa na parokia na makanisa na kukaguliwa hadharani. La pili ni orodha ya mawakili wa zamu watakaokuwa vituoni Kabete na Parklands watu watakapokamatwa. Sisi tuko tayari kuandika majina yetu katika orodha hiyo ya pili, na nakala yake ibandikwe katika kila mlango wa kanisa, mahali ambapo mama aliyempoteza mwanawe usiku ataiona asubuhi.